Mpimaji na Adhana ya Alasiri

Hakukaa kwenye kiti cha mtu yeyote kabla ya kukitikisa. Alikishika mgongoni kwa mikono miwili, akakisukuma kidogo mbele na nyuma, akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu, ndipo akakaa. Alifanya hivyo nyumbani kwangu, alifanya hivyo kwa paroko, na siku ya harusi ya binti yangu alikitikisa kiti cha meza kuu mbele ya wakwe zangu wote. Mke wangu alisema, "Iko siku atakutikisa wewe kwanza, ndipo akusalimie." Nilimwambia kwamba mimi alikwisha kunitikisa zamani, akaniona nafaa.

Mtaani kwetu Mtawanya tulimwita Mpimaji. Kazi yake ilikuwa kuhakiki vihisi vya mtetemo. Kihisi cha namna hiyo ni kidude cha chuma, ukubwa wa kidole gumba, kinachofungwa kwenye mwili wa mtambo ili kipime unavyotetemeka. Mtambo mzima hutetemeka kidogo. Mtambo ambao beringi zake zinaanza kuisha hutetemeka zaidi, na mtetemo ukipita alama iliyowekwa, king'ora hulia, mwendeshaji akauzima kabla haujajivunja. Lakini kihisi nacho huchoka. Joto, chumvi ya bahari na miaka hukisogeza pole pole, mpaka kinasema kidogo pale penye kingi, au kingi pale penye kidogo. Hapo ndipo alipoitwa yeye na sanduku lake.

Mafundi wenzake waliviita vidude vile sensa, na mama muuza vitumbua wa pale konani, aliyejua sensa moja tu, ile ya kuhesabu watu, alimwuliza kila asubuhi, "Leo umetuhesabu, baba?"

"Wote nimewahesabu mara moja," alimjibu. "Wewe nimekuhesabu mara mbili."

"Vitumbua vyangu ndivyo vimenifikisha hapa. Chukua viwili, nawe uhesabike."

Hivyo ndivyo alivyokuwa na watu asubuhi. Kazini alikuwa mtu mwingine. Kabla ya kufungua sanduku alinawa mikono kwa sabuni na kuifuta mpaka katikati ya vidole. Aliweka glasi ya maji mezani, akautazama uso wa maji. Maji yakicheza, hakuanza. Lori la korosho likipita barabarani kwenda bandarini, alinyanyua mkono, na kila mtu chumbani alinyamaza mpaka maji yatulie. Nilipata kumwona mara moja akiwa katika hali hiyo, nikatamani Wakristo wangu wangenyamaza vile wakati wa mageuzo ya mkate na divai.

Mimi nilikuja Mtwara kutoka Iringa kwa kazi ya ukarani bandarini, nikabaki hapa kama katekista hata baada ya kustaafu. Yeye alitoka Songea. Maana yake mimi ni Mhehe na yeye alikuwa Mngoni, na mtu yeyote wa nchi hii anajua kwamba sisi ni watani. Babu zetu walipigana, na vita vile vilipokwisha vilituachia ruhusa ya kutukanana milele bila kukasirika.

"Wenye mbwa wafunge mbwa wao, jirani yangu katoka," alitangaza kila aliponiona nafungua geti, kwa kuwa sisi Wahehe tunasemwa kwamba tunakula mbwa.

"Na wenye kuku wahesabu kuku wao," nilimjibu. "Huyu babu zake walipita huku wakikimbia, na mpaka leo hajajua kama amefika au bado yuko safarini."

Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo, watu walikuwa wakingoja sala iishe wasikie tutakachosemezana. Paroko mgeni, aliyetoka nchi ya mbali, alinivuta pembeni akaniuliza kama pana ugomvi unaohitaji upatanisho. Ilibidi nimweleze kwamba mtani ndiye mtu pekee anayeweza kukuambia ukweli wako mbele za watu, ukacheka, ukaenda nyumbani ukaufikiria. Sikumweleza upande wa pili wa jambo hilo, kwa kuwa nami nilikuwa sijaufikiria: kwamba neno la mtani halina uzito wa ushahidi. Hakuna aliyewahi kupeleka neno la utani kwa mwenyekiti wa mtaa. Likisemwa limekwisha.

Alikuwa mtu wa kupima wenzake. Alimwambia mwuza nyama kwamba mizani yake imelala upande mmoja, na mwuza nyama akaacha kuitikia salamu zake kwa muda mrefu. Alimwambia mpiga kinanda wa kwaya kwamba spika zinatetemesha benchi la wazee. Nyumba yoyote aliyoingia aliisahihisha saa ya ukutani. Yake mwenyewe ya mkononi, ya chuma, yenye mkanda uliochakaa, ilikuwa mbele ya saa zetu zote kwa dakika chache, na ukimwambia hivyo alisema, "Saa yangu haifuati mtu." Lakini mtu huyo huyo, aliyetaka ulimwengu mzima utulie, ngoma ya kwao Songea, lizombe, ikipigwa harusini alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani. Mabega yalimtoka kama ya kijana. Niliwahi kumwuliza inakuwaje mpimaji wa mitetemo atetemeke namna ile. Akasema, "Huo haupimwi. Huo ni wa Mungu."

Semi zake bado tunazisema pale mtaani. "Kila kitu kinahama," alisema, "na kinachohama pole pole ndicho kibaya, kwa sababu unahama nacho." Mwingine nilioupenda zaidi nikautumia hata katika mafundisho ya kipaimara: "Usipime homa ya mtoto kwa kiganja kilichotoka jikoni." Maana yake, kiganja kikiwa na joto, mtoto mwenye homa utamwona mzima. Aliusema akicheka, akiwafundisha mafundi wadogo umuhimu wa kihisi mama.

Kihisi mama kilikuwa moyo wa sanduku lake. Ndani ya sanduku kulikuwa na kitikisaji, mtambo mdogo mfano wa chupa ya chai, uliotikisa kitu taratibu kwa kiasi unachotaka. Juu yake alifunga vihisi viwili vimepeana migongo: kile kinachohakikiwa na kile mama. Vikatikiswa pamoja. Mama akisema hivi na mwingine akisema vile, yule mwingine ndiye aliyerekebishwa. Mama hakurekebishwa. Alikaa katika pamba, ndani ya kibweta, na kibweta kilikuwa juu ya kabati la vyombo la mke wake, mahali ambapo hata vikombe vya wageni havikupata nafasi.

Lakini kila mama naye ana mama yake. Utaratibu wa kazi yao ulitaka kihisi kile kipelekwe Dar es Salaam mara kwa mara, kikalinganishwe na kikubwa zaidi. Yeye aliacha kukipeleka. Sababu aliyoitoa niliisikia kwa masikio yangu, tena nikaiona ya busara. Alisema mabasi yanaendeshwa kama yanafukuzwa, na barabara ya kusini, jinsi malori ya korosho yalivyoichimba, itamtikisa mama mpaka imharibu. "Nitampeleka mzima, nitarudishiwa mgonjwa." Basi akamlinda. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, na mama akawa juu ya kabati chini ya bati la moto, akichoka taratibu, na hakuna aliyekuwapo wa kumwambia.

Jambo la mwisho la tabia yake nililopaswa kulitaja kwanza ni aibu. Sijaona mtu aliyeogopa aibu kama yule. Akichelewa Misa hakuingia. Alisimama nje ya ukuta, kwenye jua, Misa nzima, kuliko watu wageuze shingo. Akigundua njiani kwamba kifungo cha shati kimetoka, alirudi nyumbani, hata kama ni kwenda msibani. "Kipimo hakina aibu," alisema. "Aibu ni ya aliyepima." Kwa miaka mingi nilidhani huo ni unyenyekevu, na Mungu anisamehe kwa kufundisha dini bila kuvitofautisha viwili hivi. Mwenye aibu anajitazama yeye. Mnyenyekevu anamtazama aliyeumia.

Aliyeumia alikuwa mwendesha pampu mmoja, Mmakonde wa Ziwani.

Nje ya mji kulikuwa na kituo cha pampu kilichopeleka maji katika vijiji kadhaa, Ziwani ikiwa mojawapo. Mtu huyu alikaa mbele ya kioo chenye namba za mtetemo, na kazi yake ilikuwa kuzima pampu king'ora kikilia. Nyumbani alikuwa na mikorosho na shamba la muhogo kama wenzake, na alikuwa na heshima moja ambayo hakuipata kwa mtu wa ofisi: yeye ndiye aliyeadhini alfajiri katika msikiti wa kijiji chao. Watu wa pale walisema hawakuhitaji jogoo. Hata familia za Kikristo zilizohamia kule, walimu na wauguzi, ziliamka kwa sauti yake, na mwalimu mmoja wa jumuiya yetu aliniambia kwamba yeye husali Malaika wa Bwana akisikia mtu yule anakohoa kabla ya kuanza.

Mchana mmoja wa Ramadhani, pampu kubwa ilijivunja. Hakuna aliyejeruhiwa, ila chuma kilipasuka, na vijiji vikakosa maji mpaka mfungo ulipokwisha. Wanawake waliokuwa na swaumu walibeba ndoo kutoka mbali ili wapike futari. King'ora hakikulia. Wakubwa wa kazi wakasema hapa pana mawili: ama kihisi kibovu, ama mwendeshaji alisinzia akaacha namba zipande baada ya kukifunga king'ora kisimsumbue. Wakamwita Mpimaji.

Alifungua sanduku mbele ya watu wote. Alinawa mikono. Maji kwenye glasi yalitulia. Kihisi kilichookolewa pale kikapeana mgongo na mama, vikatikiswa, vikasema neno moja.

"Kihisi ni kizima," akasema. "Kosa litafutwe kwa mtu."

"Baba, mimi sikulala," mwendesha pampu alimwambia. "Namba ilikuwa chini ya alama. Nilikuwa naitazama."

Na Mpimaji, huku akimrudisha mama kwenye pamba, akajibu, "Chuma hakifungi Ramadhani. Kwa hiyo hakisinzii."

Watu wakacheka. Aliporudi jioni alinisimulia mwenyewe, akiwa ameridhika kidogo na neno lake. Nilicheka pia. Halikuwa neno la utani, kwa kuwa yule hakuwa mtani wake. Lilikuwa neno tu, na lilikwenda Ziwani kabla ya mwendesha pampu mwenyewe kufika. Mwendesha pampu aliondolewa kazini, akarudi shambani, na watoto wa kijiji wakampa jina la Sinzia. Wazee wa msikiti walimwita kwa upole wakamwambia apumzike kidogo. Alfajiri akapewa kijana mwingine. Hawakumwambia kwa nini, wala yeye hakuuliza.

Sasa nieleze kilichokuwa kimetokea, kwa jinsi alivyonieleza yeye. Mama alikuwa amechoka. Ukimtikisa kwa kiasi kikubwa, alisema kidogo. Kwa hiyo kila kihisi kizima alichofungwa nacho kilionekana kinapiga kelele kupita kiasi, na Mpimaji akakipunguza. Alivipunguza vyote, pampu kwa pampu, kituo kwa kituo, vikashuka pamoja na mama yao, vikakubaliana. Ndiyo maana siku ile vilisema neno moja. Pampu ilikuwa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na kioo kikasema haijambo.

Alijua pale ofisi yake ilipoletewa kihisi mama kipya, na barua ya kiwandani ikisema kimehakikiwa. Alikifunga mgongo kwa mgongo na cha zamani. Hawakupatana. Akasema kipya ndicho kibovu, akakirudisha. Kikaja kingine. Kikasema sawasawa na kile kilichorudishwa. Hata sheria ya kale, waliyopewa watu jangwani, ilitosheka na mashahidi wawili.

Asubuhi aliyokuja kwangu hakukitikisa kiti. Alikaa tu, na mke wangu aliyekuwa analeta chai alisimama mlangoni akamtazama kama mtu aliyeingia bila nguo.

"Mhehe," akasema.

"Nipo, Mngoni."

"Kiganja kilikuwa cha moto."

Sikumwelewa mpaka aliponieleza yote. Alikuwa amekwenda kwa mkuu wake kwanza. Mkuu alimwambia pampu nyingine imekwisha kufungwa, yule mtu ana shamba lake, vihisi vyote vihakikiwe upya kimya kimya, na asifukue yaliyofukiwa. "Amenipa njia ya kutoka," Mpimaji aliniambia. "Ni pana kabisa. Nimesimama mlangoni kwake nikaona naipenda."

Nikamwambia twende Ziwani.

Tulikwenda kwa bajaji, yeye akiwa amevaa shati ambalo vifungo vyake alikuwa amevihesabu kwa vidole njia nzima. Mwendesha pampu alitupokea kama wageni wanavyopokewa kule. Mkewe aliweka ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa na chumvi pembeni, wakatuacha tule kwanza. Mpimaji hakumeza kitu. Alipoanza kusema alisema vizuri, bila kujitetea. Alieleza habari za mama, habari za barabara, habari za bati la moto. Akasema, "Nilikuonea. Naomba unisamehe."

Mwenyeji wetu alimenya mng'oko mmoja mpaka mwisho.

"Mimi nimekusamehe tangu ulipokuwa unashuka kwenye bajaji, mzee wangu," akasema. "Ntu hatoki Mtawanya na shati la kanisani kuja kunitukana. Ila unaniambia jambo ninalolijua. Hapa Ziwani nzima, asiyehitaji kuambiwa kwamba sikulala ni mimi na mke wangu."

"Mimi nilikuwa na wasiwasi kidogo," mkewe akadakia kutoka jikoni. "Baba huyu akifunga, mchana anaweza kusinzia na jembe mkononi."

"Mama, wageni hao."

"Nasema ukweli mbele ya wageni. Lakini kazini hasinzii. Kazini nilijua."

Tulicheka wote isipokuwa Mpimaji. Yeye alikuwa amelisikia lile neno lililokuja kabla ya kicheko, na njiani kurudi alilirudia mara nyingi. Asiyehitaji kuambiwa ni mimi. Maana yake ilikuwa wazi: wengine wote walihitaji.

Ndipo akapata wazo ambalo, nadhani, lisingempata mtu asiyekuwa Mngoni mwenye jirani Mhehe. Akanishika mkono. "Utalisema wewe," akasema. "Kwa utani. Nitakaa pale, utanivua nguo mbele ya watu wa Ziwani, watacheka, na jambo litakuwa limesemwa. Mtani akinisema hakuna anayekasirika. Nitaweza kuvumilia."

Nilikubali. Niliona kama ni rehema.

Shehe wa msikiti ule, mzee mpole tuliyezoea kukutana misibani, alisema baraza ni ya watu wote, tuje Ijumaa baada ya swala. Tulifika. Watu walikaa kwenye baraza na kwenye mikeka chini, kahawa ikipita. Mwendesha pampu alikuwa nyuma kabisa, karibu na ndala za watu. Shehe akasema kuna wageni wenye neno, nami nikasimama.

Nilimsema. Nilisema nimewaletea Mngoni aliyemweka mama yake juu ya kabati, akamnyima nauli ya basi, akamchoma na bati mpaka akapata uziwi, kisha akamleta mahakamani awe shahidi. Nilisema babu zake walikimbia barabara nzima ya kusini kwa miguu, lakini yeye anaogopa kuipanda kwa basi. Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami, nikisikia vicheko vile, nikaongeza. Nilisema yule mama alipoulizwa kama kuna mtetemo, alijibu, "Mimi mbona sisikii kitu, wajukuu zangu?"

"Hawa wazee wa kanisani wanajua kuchekesha," mtu mmoja akasema.

Mwingine akapaza sauti, "Kwa hiyo Sinzia alikuwa macho, na chuma ndicho kilichokuwa kinakoroma?" Hapo kicheko kikawa kikubwa kuliko vyote.

Niliangalia nyuma. Mwendesha pampu alikuwa anatafuta ndala zake.

Ndipo nilipoona tulichokifanya. Jambo lilikuwa limesemwa lote, neno kwa neno, na hakuna aliyelisikia. Tulikuwa tumelisema kwa namna ambayo watu wetu wamefundishwa tangu utotoni kutoiamini. Wangekwenda nyumbani na kichekesho kipya juu ya jina lile lile.

Mpimaji alisimama. Alishika nguzo ya baraza, na sijui kama yeye mwenyewe alijua, lakini aliitikisa kidogo kabla ya kuiegemea.

"Utani umekwisha," akasema. "Huyu ndugu yangu amenisema kwa sababu mimi niliogopa kujisema. Naomba mnisikilize mimi."

Wengine bado walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko. Alingoja. Alingoja kama alivyongoja glasi ya maji itulie.

"Pampu ilipovunjika, mtu wenu alikuwa macho. Alikuwa anatazama namba niliyoiharibu mimi. Kisha wakaniuliza, nikasema kihisi ni kizima. Hakikuwa kizima. Nilikuwa na wajibu wa kukipeleka kikahakikiwe, sikukipeleka. Aliyelala ni mimi. Nilisema chuma hakifungi Ramadhani. Nilisema hivyo ili watu wacheke, na walicheka. Maji mliyoyakosa katika mfungo mliyakosa kwa sababu yangu. Na jina mnalomwita ni langu."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye kanzu ya kahawia, aliyekaa mbele, akamwuliza, "Haya umeyajua lini, bwana?"

Niliona kidole cha Mpimaji kinatafuta kifungo cha shati.

"Korosho zilikuwa bado hazijaanza kuanguka," akasema.

"Na sasa mnada umekwisha."

"Umekwisha."

"Msimu mzima, basi."

"Msimu mzima."

Hilo nilikuwa silijui. Siku ile alipokaa kwenye kiti changu bila kukitikisa, nilidhani ametoka kugundua. Kumbe alikuwa amekaa nalo miezi, akipita getini kwangu kila asubuhi akitangaza watu wafunge mbwa wao, huku mtu yule anaitwa Sinzia na watoto. Nilitazama chini. Aibu yake ilinipata mimi usoni, nikahisi joto lake, na wala sikuweza kusema kwamba si yangu, kwa kuwa nilicheka siku ya kwanza na nilichekesha siku ile.

Shehe akasema, "Umesema. Tumesikia." Hakumsifu, wala hakumlaumu. Mwendesha pampu alikuwa amesimama na ndala moja mguuni. Alimwinamishia Mpimaji kichwa mara moja, akavaa ya pili, akaenda zake.

Jina la Sinzia lilififia, si kwa siku moja. Alfajiri haikurudi kwake, kwa kuwa kijana aliyepewa hakuwa na kosa, na wazee hawakuona haki ya kumnyang'anya. Walimpa alasiri. Kazini aliitwa tena, akakataa. Alisema amezoea mikorosho. Mpimaji aliipeleka habari yote kwa wakubwa kwa maandishi, wakampa lawama kidogo na likizo ndefu, na baadaye akastaafu. Kihisi mama cha zamani alikwenda nacho nyumbani. Kilirudi juu ya kabati, ila bila pamba.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa msimu wa mabibo. Nilikwenda Ziwani kumpelekea Komunyo mwalimu mmoja aliyevunjika mguu, na wakati wa kurudi nikapita karibu na msikiti. Nilimkuta Mpimaji amekaa kwenye tofali, nje ya ukuta, karibu na bomba la kutawadhia. Alikuwa amekonda. Hatua moja kutoka kwake kulikuwa na kiti cha mbao, kitupu.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Wafunge mbwa wao."

"Unafanya nini hapa, mkimbizi? Umefika sasa?"

"Napumzika."

Kijana aliyekuwa anachota maji pale aliniambia, bila kuulizwa, kwamba mzee huyu huja mara nyingi wakati wa alasiri na kuondoka ikishaadhiniwa.

"Mwadhini mwenyewe anajua kwamba unakuja?" nikamwuliza Mpimaji.

"Anajua. Kiti hicho ndiye anayenitolea. Akishakiweka anaingia ndani, hasemi kitu."

"Mbona hukikalii? Umekitikisa ukakiona kibovu?"

Alikitazama kiti kile.

"Hicho sithubutu kukitikisa," akasema.

Basi nikakikalia mimi. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, kikawa kinacheza. Sikumwambia. Tulikaa, harufu ya mabibo yaliyoiva ikitufikia kutoka mashambani, na nilimshukuru Mungu moyoni kwamba bado ninaye mtu wa kunitukana. Kisha ndani ya msikiti mtu alikohoa.

Mpimaji aligeuza mkono akatazama saa yake. Niliona uso wake unakunjamana kidogo, uso ule ule aliokuwa nao mbele ya saa za ukutani za watu.

"Kachelewa?" nikamwuliza.

"Kwa saa yangu, kachelewa."

Adhana ikaanza. Sauti ilikuwa imezeeka kidogo, lakini ilikuwa imara, na ilipanda juu ya mikorosho bila kutetemeka. Mpimaji aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akisikiliza viti. Halafu, taratibu, alivuta kile kifungo kidogo cha pembeni ya saa, akairudisha nyuma zile dakika alizokaa nazo maisha yote niliyomjua, akakibonyeza.

"Mngoni," nikasema, "nani kakuambia yeye ndiye sahihi? Huenda naye anatazama simu mbovu."

"Huenda," akasema, bila kuinua kichwa. "Lakini safari hii nimeanza na yangu."